Picha Asilia Isiguswe: Hoja Juu ya Uchaguzi wa Programu za Kuhariri Picha

Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kimelala kimondo cha chuma chenye urefu wa meta 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Habari zake ziliufikia ulimwengu wa sayansi mwaka 1930, kwa njia ya mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott. Wakati huo ni sehemu ya juu tu iliyokuwa ikionekana. Udongo wa kandokando ukafukuliwa, ikaachwa nguzo ya udongo chini ya kimondo, na nguzo hiyo ikaimarishwa kwa zege. Mwezi Desemba wa mwaka huohuo D. R. Grantham, mtaalamu wa idara ya jiolojia ya serikali, alikata kwa msumeno kipande chenye urefu wa sentimeta 10 hivi kwa ajili ya uchunguzi. Watu wengine nao, kila mmoja kwa wakati wake, walikata vipande vya kubeba kama kumbukumbu. Mapengo waliyoyaacha yanaonekana hata leo kwenye ncha ya kimondo.

Kati ya mikato hiyo ya aina mbili iko tofauti kubwa. Mkato wa Grantham una maelezo: yajulikana aliyekata, mwezi aliokata, ukubwa wa kipande na sababu ya kukikata. Mikato ya wabeba kumbukumbu haina maelezo ya namna hiyo. Lakini kwa jambo moja mikato yote ni sawa. Chuma kilichoondolewa hakiwezi kurudishwa mahali pake, na yeyote atakayekipima kimondo leo anapima kilichobaki.

Mwanafunzi wa Tunduma au wa Vwawa anayekitembelea kimondo siku hizi hachukui msumeno. Huchukua simu, akapiga picha. Akirudi shuleni huifungua picha hiyo katika kompyuta, akaikata kandokando, akaiongezea mwanga, akaikoza rangi, kisha akabonyeza neno la kuhifadhi. Kwa baadhi ya programu, tendo hilo la mwisho ndilo msumeno wenyewe. Picha iliyopigwa Ndolezi imetoweka, na mahali pake imekaa picha nyingine yenye jina lilelile na isiyokuwa na maelezo ya mabadiliko yaliyofanywa.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitamka, ingawa utekelezaji wake huhitaji nidhamu. Shule, vyama vya sayansi na watafiti chipukizi yawapasa kuchagua programu za kuhariri picha ambazo haziandiki chochote juu ya faili asilia. Uchaguzi huo ni sehemu ya njia ya sayansi, sawa na kuchagua mizani iliyo sahihi au kuandika matokeo ya jaribio kwa wino badala ya penseli.

Negativu na karatasi

Katika zama za filamu jambo hili lilieleweka bila mafundisho marefu. Mpiga picha aliposafisha filamu alipata negativu, na kutokana na negativu alichapa picha kwenye karatasi. Ndani ya chumba cha giza aliweza kupunguza mwanga sehemu moja na kuuongeza sehemu nyingine, aliweza kukuza uso wa mtu na kuacha mandhari, aliweza kuchagua karatasi yenye weusi mkali au hafifu. Yote hayo yaliipata karatasi. Negativu ilirudishwa katika bahasha yake, na baada ya miaka kumi fundi mwingine aliweza kuitoa na kuchapa picha mpya kwa uamuzi mwingine kabisa.

Ni kweli kwamba walikuwapo mafundi waliochora kwa penseli juu ya negativu yenyewe ili kulainisha uso wa mteja. Hao waliharibu asili, na waliojali kazi walijua hivyo. Hata hivyo umbo la kazi lenyewe liliwasaidia wengi: negativu ilikuwa kitu kimoja na karatasi ilikuwa kitu kingine, na mkono haukuweza kuvichanganya kwa bahati mbaya.

Kompyuta iliuondoa mpaka huo. Faili la picha ni negativu na karatasi kwa wakati mmoja. Linafunguliwa, linabadilishwa na kuhifadhiwa mahali palepale, na kosa la sekunde moja hufanya kazi ambayo zamani ilihitaji kiberiti. Kwa hiyo mpaka uliopotea hauna budi kurudishwa kwa makusudi, na njia ya kuurudisha ni programu inayoliheshimu faili asilia.

Hesabu isiyorudi nyuma

Yafaa wanafunzi waelewe kwa nini badiliko lililohifadhiwa mara nyingi haliwezi kufutwa, hata na mtu anayekumbuka alichokifanya. Picha ya kompyuta ni jedwali la tarakimu. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina thamani ya mwanga. Katika picha za kawaida za biti 8, thamani hiyo huanzia 0, ambayo ni giza tupu, hadi 255, ambayo ni mwanga wa juu kabisa. Hakuna 256.

Zichukuliwe pikseli 4 zilizopangana juu ya uso wa kimondo unaong'aa kwa jua: 200, 230, 240 na 250. Mwanafunzi anaona picha ni giza mno, anaongeza 30. Hesabu ya kawaida ingetoa 230, 260, 270 na 280. Lakini kwa kuwa mwisho wa ngazi ni 255, programu huandika 230, 255, 255 na 255, kisha faili huhifadhiwa. Kesho yake mwalimu anasema kwamba mwanga umezidi. Mwanafunzi anapunguza 30 zilezile alizoziongeza. Matokeo ni 200, 225, 225 na 225. Pikseli ya kwanza imerudi salama. Tatu zilizobaki zimekuwa kitu kimoja. Tofauti iliyokuwapo kati ya 230, 240 na 250, ambayo huenda ndiyo iliyoonyesha mkunjo au alama ya msumeno katika chuma, imefutika, na hakuna fundi wala programu iwezayo kuitoa katika faili hilo tena.

Uharibifu wa pili ni wa siri zaidi. Picha nyingi za simu huhifadhiwa katika mfumo uitwao JPEG, uliowekwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1992. Mfumo huu huigawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, huyageuza maelezo ya kila kiraba kuwa jumla ya mawimbi ya aina mbalimbali, kisha huzikadiria upya tarakimu za mawimbi hayo na kuyatupa madogo ambayo jicho la binadamu halitayakosa sana. Ndiyo sababu faili huwa dogo. Lakini kila mara picha inapofunguliwa, ikabadilishwa na kuhifadhiwa tena kwa mfumo huo, ukadiriaji hufanyika upya juu ya kilichokwisha kukadiriwa. Kingo za vitu huanza kuwa na ukungu, na mipaka ya viraba hujitokeza. Ni kama nakala iliyotolewa kutoka katika nakala ya nakala.

Jinsi programu zinavyotofautiana

Kwa mintarafu ya jambo hili, programu za kuhariri picha zagawanyika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza hubadilisha jedwali la tarakimu papo hapo. Mtumiaji akiongeza mwanga, tarakimu zenyewe hubadilika. Akihifadhi, tarakimu za zamani hupotea. Programu ndogo za kuchorea na kutazamia picha zinazokuja pamoja na kompyuta aghalabu ni za kundi hili. Programu maarufu ya bure iitwayo GIMP nayo, kwa miaka mingi, iliyatia mabadiliko ya namna hii moja kwa moja ndani ya picha. Toleo lake la 3.0, lililotolewa mwaka 2025, ndilo lililoleta vichujio vinavyoweza kurekebishwa au kuondolewa baadaye.

Kundi la pili halibadilishi jedwali. Programu husoma faili asilia, huandika pembeni orodha ya maelekezo, na huonyesha kwenye kioo jinsi picha ingekuwa endapo maelekezo hayo yangetekelezwa. "Kata upande wa kushoto. Ongeza mwanga kwa kiasi hiki. Punguza wekundu." Orodha hiyo huwekwa katika faili dogo la maandishi linalokaa jirani na picha, au katika daftari kuu la programu. Picha inapotakiwa kuchapwa au kutumwa, programu huyatekeleza maelekezo na kutoa nakala mpya yenye jina lake. Katika mfano wa pikseli 4, kuongeza 30 na baadaye kupunguza 30 huwa kubadili mstari mmoja wa maelekezo, na zile 230, 240 na 250 hubaki kama zilivyotoka katika kamera.

Programu za kundi hili si ngeni. Aperture ya kampuni ya Apple ilitoka mwaka 2005, na Lightroom ya Adobe ikafuata mwaka 2007. Hii ya pili ni ya kulipia. Kwa shule zetu za muhimu zaidi ni zile za bure, ambazo hata maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Darktable, iliyoanza mwaka 2009, huandika maelekezo yake katika faili la XMP linalokaa kando ya picha. RawTherapee hufanya vivyo hivyo kwa faili lake la PP3. Zote mbili hufanya kazi katika Linux na katika Windows, na zote mbili huliacha faili asilia bila kuliandika.

Ushahidi haupambwi

Pengine mtu atauliza: kuna madhara gani picha ya safari ya shule ikipotea? Kwa picha ya kumbukumbu madhara ni madogo. Lakini mkoa wa Songwe, tangu ulipoanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, umejaa mambo ambayo picha yake ni kipimo.

Wilaya ya Mbozi hulima kahawa aina ya arabika, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ina kituo chake huko Mbimba. Ugonjwa wa kutu ya majani, unaoletwa na kuvu aitwaye Hemileia vastatrix, hujulikana kwa unga wa rangi ya njano iliyoelekea machungwa upande wa chini wa jani. Mwanafunzi akiyapiga picha majani kila wiki kwa muda wa muhula mmoja, amekusanya takwimu za kweli kabisa, maana rangi na ukubwa wa madoa huweza kupimwa kwa kompyuta. Lakini akizipitisha picha hizo katika kitufe cha "kupendezesha" na kuzihifadhi juu ya zile za kwanza, programu itakuwa imeisogeza rangi ya kila picha kwa kiasi chake. Njano ya wiki ya 3 haitalingana tena na njano ya wiki ya 9, na hakuna atakayejua kama kilichobadilika ni jani au ni programu. Kazi ya muhula mzima itakuwa imepotea bila hata faili moja kufutwa.

Kaskazini zaidi, katika miamba ya Galula ndani ya bonde la ufa la Rukwa, ndiko yalikotoka mabaki ya mnyama wa jamii ya mamba aliyeishi katika zama za Kretasi, dinosaria walipokuwa wangali duniani. Mwaka 2010 alitangazwa kwa jina la Pakasuchus kapilimai: sehemu ya kwanza kwa sababu ya meno yake yaliyofanana na ya wanyama wanyonyeshao, na sehemu ya pili kwa heshima ya marehemu Profesa Saidi Kapilima, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taya za kiumbe huyo zilikuwa zimefumbata kabisa, hivyo meno yalitazamwa kwa picha za eksirei zilizopigwa tabaka kwa tabaka na kuunganishwa na kompyuta. Katika kazi ya namna hii mtaalamu hubadilisha weusi na weupe mara nyingi ili autenge mfupa na jiwe. Kila uamuzi wake ni tafsiri. Mtaalamu mwingine mwenye shaka atataka kuanza upya kutoka katika picha ghafi, na sayansi humpa haki hiyo ikiwa tu picha ghafi ingalipo.

Mfano wa Laetoli, karibu na Ngorongoro, ni mzito kuliko yote. Nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita zilifukuliwa mwaka 1978 na kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Leakey, kisha zikafukiwa tena ili zisiharibiwe na hewa, mvua na mizizi. Katika miaka ya 1990 zilifunuliwa kwa muda, zikapigwa picha na kupimwa kwa makini, zikafunikwa tena. Maadamu nyayo zenyewe ziko chini ya udongo, wataalamu walio wengi huzijua kwa picha na kwa nakala za plasta. Anayeibadilisha picha ya namna hiyo bila kuacha ile ya asili anabadilisha kitu ambacho wenzake hawawezi kwenda kukitazama upya.

Hatari hii imekwisha kupimwa. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza makala 20,621 za sayansi ya uhai kutoka katika majarida 40. Asilimia 3.8 ya makala hizo zilikuwa na picha zenye kasoro, na angalau nusu ya kasoro hizo zilionyesha dalili za kufanywa kwa makusudi. Jarida la Journal of Cell Biology lilikuwa limeanza tangu mwaka 2002 kukagua picha za makala zilizokubaliwa na kuwadai waandishi picha zao asilia panapotokea shaka. Mwandishi mwaminifu aliyeifuta picha asilia kwa uzembe husimama mahali pamoja na mdanganyifu, maana wote wawili hawana cha kuonyesha.

Hata nje ya sayansi jambo ni lilelile. Februari 1982 jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zitoshe katika jalada lake la wima, na lawama zake hazijasahaulika. Tunduma ni mji wa mpakani, penye kituo cha pamoja cha Tanzania na Zambia kilichozinduliwa mwaka 2019, na picha ya lakiri ya kontena au ya mzigo ulioharibika inaweza kuamua nani alipe hasara. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapoupima uzito wa ushahidi wa namna hiyo, kuangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Kijana anayejifunza kuitunza picha asilia akiwa Kidato cha 2 anajifunza pia uraia.

Pingamizi na majibu yake

Wako wasemao kwamba programu maalumu si ya lazima, kwa kuwa mtu mwangalifu hutoa nakala kwanza, kisha akaihariri nakala kwa programu yoyote aipendayo. Pingamizi hili lina ukweli, na kwa shule isiyo na njia nyingine utaratibu huo ni bora kuliko kutokuwa na utaratibu. Lakini una udhaifu wa aina mbili. Kwanza, unategemea watu 40 wa darasa moja wasisahau hata mara moja, na hakuna maabara inayoendeshwa kwa tumaini hilo. Pili, nakala iliyohaririwa huonyesha mwisho wa safari tu. Haisemi mwanga uliongezwa kiasi gani wala kipi kilikatwa. Orodha ya maelekezo husema yote hayo, hivyo mwalimu anaweza kuisahihisha kazi ya picha kama anavyosahihisha hesabu, hatua kwa hatua.

Pingamizi la pili ni la nafasi. Inasemwa kwamba kompyuta za shule ni chache na diski zake ni ndogo, hivyo kutunza asili na nakala ni anasa. Hesabu yaonyesha kinyume. Chama cha sayansi chenye picha 400, kila moja megabaiti 4, kina megabaiti 1,600. Kikitaka matoleo 3 ya kila picha kwa njia ya nakala za ukubwa uleule, kitaongeza megabaiti 4,800, na jumla itakuwa 6,400. Kikitumia maelekezo yenye ukubwa wa kilobaiti 10 kwa kila toleo, kitaongeza kilobaiti 12,000, yaani megabaiti 12 tu, na jumla itakuwa 1,612. Nakala kamili zitatolewa kwa zile picha chache zinazochapwa.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo halifai kufunikwa. Programu kama Darktable ni nzito kwa kompyuta kuukuu, na kuizoea kwahitaji saa nyingi kuliko kubonyeza kitufe kimoja cha simu. Hili ni kweli. Lakini darubini nayo huhitaji kuzoewa, na hakuna mwalimu aliyewahi kushauri iachwe kwa sababu kioo cha kukuzia ni chepesi. Kompyuta moja inayofaa yaweza kufanywa kituo cha picha cha shule nzima, nazo simu zikabaki kazi yake ni kupiga.

Mwisho, haifai kuidai programu iliyo nje ya uwezo wake. Programu inayolinda asili haimzuii mtu kusema uongo. Huacha njia ya kuugundua uongo huo. Wala si badala ya akiba. Diski ikiungua, picha na maelekezo yake huungua pamoja, hivyo nakala ya pili ya picha zote hapana budi iwekwe katika diski nyingine, na ikiwezekana katika jengo jingine.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua

Mwalimu anayetaka kuchagua programu kwa ajili ya shule yake aulize maswali manne. Je, programu huandika juu ya faili asilia katika hali yoyote, hata inapozungusha picha au kuongeza maneno ya maelezo? Je, maelekezo huwekwa wapi, na je, yanaweza kusomwa kwa programu nyingine siku hii itakapokoma? Swali hilo si la nadharia: Apple ilisimamisha uendelezaji wa Aperture mwaka 2014, na Google ikaistaafisha Picasa mwaka 2016. Je, kutoa nakala ni tendo la pekee lenye jina jipya? Na je, leseni yake inaruhusu kuwekwa katika kompyuta zote za shule bila malipo?

Swali la kwanza halihitaji kujibiwa kwa kuamini tangazo. Linaweza kujibiwa kwa jaribio. Kila faili la kompyuta laweza kufanyiwa hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hutoa mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Biti moja tu ya faili ikibadilika, mfululizo wote hubadilika. Katika Windows hesabu hiyo hufanywa kwa amri ya certutil, na katika Linux kwa sha256sum. Wanafunzi waandike mfululizo wa picha moja daftarini, waifungue picha katika programu inayochunguzwa, waihariri watakavyo, wafunge, kisha wafanye hesabu tena. Mifululizo ikilingana, programu imefaulu. Isipolingana, imeandika kitu, na yafaa kutafutwa ni kitu gani. Jaribio hili huchukua kipindi kimoja na halihitaji kemikali wala fedha.

Kanuni za kituo cha picha cha shule nazo zaweza kuwa chache. Picha zihamishwe kutoka katika simu kwa waya au kwa kadi. Pasipokuwa na njia hiyo ila WhatsApp, zitumwe kama hati, kwa sababu picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa na kubanwa upya njiani. Folda ya picha asilia iwekewe ruhusa ya kusoma tu. Mfululizo wa SHA-256 wa kila picha ya mradi uandikwe siku ileile ilipopigwa, pamoja na mahali, saa na jina la mpigaji. Na kila picha iliyohaririwa inayobandikwa ukutani au kupelekwa katika maonyesho iandikwe chini yake mabadiliko yaliyofanywa.

Hakuna kati ya hayo kinachomzuia kijana kuipendezesha picha. Aikate, aiangaze, aigeuze nyeusi na nyeupe, aitie maneno. Ubunifu ni haki yake. Kinachotakiwa ni kwamba mwenzake wa mwaka 2050, akitaka kujua kama pengo fulani la kimondo lilikuwapo au limeongezeka, ama kama ugonjwa fulani wa kahawa ulikwisha kuingia Mbozi, aikute picha ikiwa na tarakimu zilezile zilizoandikwa na kamera. Tarakimu hizo hazigharimu chochote kuziacha zilivyo.